Lowassa na Richmond: alijiuzulu, sawa, lakini alikubali nini?

Tarehe 7 Februari 2008 mimi nilikuwa kwa kinyozi, upande mmoja wa kichwa umeshanyolewa upande mwingine bado, mara jamaa akazima mashine. Nikajua umeme umekatika, maana tulishazoea, kumbe hapana, kazima mwenyewe ili aongeze sauti ya redio, kwa sababu bungeni Dodoma Waziri Mkuu Edward Lowassa alikuwa amesimama anaongea na sauti yake siku hiyo haikuwa ile ya siku zote. Anasema kadhalilishwa, anasema kamati ya Bunge iliyochunguza mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond imemtuhumu bila hata kumwita kumuuliza, halafu katikati ya hayo hayo malalamiko anasema kamwandikia Rais barua ya kuomba kujiuzulu. Saluni nzima kimya. Nilikaa na kichwa nusu kama dakika ishirini hivi na wala sikulalamika.

Tangu siku ile hadi leo mjadala ni ule ule, wewe ukiuanzisha popote pale utaona, kuna wa kusema jamaa alipiga hela na kuna wa kusema jamaa alitolewa kafara, na wote wanaongea kwa uhakika kabisa kana kwamba walikuwepo. Mimi naona tatizo ni kwamba tunachanganya vitu vitatu kwenye sufuria moja: kutuhumiwa, kuwajibika na kutiwa hatiani. Hivi vitu ni tofauti kabisa, vinafanyika sehemu tofauti na watu tofauti, na stori ya Lowassa haieleweki mpaka uvitenganishe. Kwa hiyo ngoja twende taratibu.

Kwanza huyu mtu alikuwa nani, maana vijana wa sasa wanamjua yule mgombea urais wa 2015 tu. Kazaliwa Monduli 1953, akasoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na alichosomea pale ni sanaa za maonyesho, ndiyo, tamthilia (wale wanaosema siasa ni maigizo hapo wanapata pa kusemea), kapigana vita vya Kagera, baadaye akaenda Uingereza kuchukua shahada ya pili chuo cha Bath. Amekuwa mkurugenzi wa AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa pale Arusha, akaingia bungeni 1990, akapewa uwaziri akiwa bado kijana kabisa, miaka ya mwanzo ya tisini alikuwa Ardhi. 1995 yeye na rafiki yake Jakaya Kikwete wakakodi ndege kwenda Dodoma kuchukua fomu za kugombea urais, jambo ambalo kipindi kile watu walilitazama kwa macho makubwa, vijana wa chama wanatoa wapi hela ya kukodi ndege, na inajulikana kwamba Mwalimu Nyerere hakumtaka kabisa Lowassa kwenye ile listi. Jina likakatwa. Kikwete akapita mpaka mwisho akashindwa na Mkapa. Kwa hiyo lile wingu la "huyu hela kazitoa wapi" lilianza miaka kumi na moja kabla ya Richmond, na hilo ukilisahau hutaelewa kwa nini 2008 watu waliamini haraka vile.

Ila pia alikuwa mchapakazi, hata maadui zake hawakuwa wanabisha sana hapo. Akiwa Waziri wa Maji na Mifugo, kuanzia 2000, ndiye aliyekomaa na mradi wa kuvuta maji ya Ziwa Victoria kwenda Shinyanga na Kahama, wakati kulikuwa na ule mkataba wa kikoloni wa 1929 ambao Misri walikuwa wanaushikilia kwamba maji ya Nile na vyanzo vyake huyagusi bila ruhusa yao, Tanzania ikasema mkataba wa mkoloni hautuhusu, ikachimba. Mei 2005 huyo huyo akauvunja mkataba wa City Water, ile kampuni ya akina Biwater wa Uingereza iliyopewa maji ya Dar, mabomba yalikuwa hayatoi kitu, na wale wazungu wakatushtaki kwenye baraza la usuluhishi na 2008 uamuzi ukatoka kwamba ndiyo Tanzania ilikosea namna ilivyowafukuza lakini fidia hatulipi hata senti. Kwa hiyo mtu anaingia kwenye uwaziri mkuu Desemba 2005 akiwa na sifa ya kuvunja mikataba mibovu. Weka hiyo kichwani.

Uwaziri mkuu wenyewe alianza kwa kasi ya ajabu. Shule za kata ni yeye alizisukuma, wakuu wa mikoa na wilaya walikuwa hawalali, sekondari zilikuwa chini ya elfu mbili nchi nzima 2005 na baada ya miaka miwili zimepita elfu tatu. Walimu hamna, maabara hamna, watu wakaziita majina yote mabaya, lakini ukizunguka leo wengi wa waliozaliwa miaka ya tisini vijijini wamepitia humo humo.

Halafu ikaja 2006 na ukame.

Aliyekuwepo anakumbuka. Bwawa la umeme la Mtera maji yalikauka mpaka yakawa chini ya kiwango cha kuzungusha mashine, Kidatu inategemea maji ya huko huko juu, na nchi ilikuwa inategemea umeme wa maporomoko ya maji kwa sehemu kubwa. Mgao ukawa wa kutwa nzima. Fundi wa kuchomelea anakaa nje ya geti lake anacheza bao mchana, mama mwenye friji ya barafu anaziona zinageuka maji kwenye mifuko, usiku saa nne umeme unarudi mtaa mzima unapiga kelele kama Simba kafunga, na watu wanaamka saa nane usiku kupasi nguo. Serikali mpya ndo kwanza ina miezi mitatu, imeshinda kwa asilimia 80, imeahidi maisha bora kwa kila Mtanzania, na Mtanzania mwenyewe yuko gizani.

Sasa hapa ndo pa kuwa makini, maana umeme wa dharura ni biashara ya pekee yake. Ukiwa na njaa huulizi bei ya muhogo, na wenye mitambo ya kukodisha hilo wanalijua vizuri sana. Mkataba unakuwa hivi: kampuni inaleta mitambo, inaifunga, halafu TANESCO, shirika la umeme la serikali, inalipa aina mbili za malipo, moja ni ya umeme uliozalishwa kweli, nyingine ni ya mtambo kuwepo tu pale umesimama tayari, hii ndo wanaiita kapasiti chaji. Ni kama umekodi bodaboda kwa siku, uipande usiipande ya mwenye pikipiki iko pale pale. Kwa mtambo mzuri wa mwekezaji wa kweli siyo kitu cha ajabu, dunia nzima wanafanya. Shida ni pale ambapo umekodi bodaboda kwa mtu ambaye pikipiki hana.

TANESCO walitangaza tenda ya megawati 100, waombaji wakachambuliwa, hakuna aliyefikia vigezo. Kwa akili ya kawaida unarudia tenda. Badala yake suala likatoka mikononi mwa TANESCO likahamia wizarani, ikaundwa timu ya serikali ya majadiliano, na mwisho wa siku aliyeibuka ni Richmond Development Company ya Houston, Texas. Mkataba ukasainiwa 23 Juni 2006. Tarakimu ambayo kila mtu aliikariri baadaye ni shilingi milioni 152 kwa siku. Zidisha mwenyewe mara siku 365, unapata zaidi ya bilioni 55 kwa mwaka, na mkataba ulikuwa wa miaka miwili.

Mitambo ikawa haiji. Serikali inatoa tarehe, tarehe inapita, inatoa nyingine. Na mvua, hii ndo sehemu inayonichekesha kwa uchungu, mvua zikanyesha mwisho wa mwaka, mabwawa yakajaa, mgao ukaisha kwa kudra za Mungu wakati mitambo ya dharura bado haijakaa sawa. Desemba 2006 Richmond wakauhamishia mkataba kwa kampuni nyingine, Dowans, ambayo nayo hakuna aliyekuwa anaijua. Yaani dharura imeshapita lakini mkataba wa dharura unaendelea kutembea na miguu yake.

Kelele zikaanza. TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, wakachunguza wakasema hawajaona rushwa wala hasara kwa taifa. Watu hawakuridhika, na Septemba 2007 Dk. Wilbrod Slaa wa chama cha upinzani cha Chadema alipanda jukwaani Mwembeyanga, Temeke, akasoma majina kumi na moja ya watu aliowaita mafisadi, Lowassa akiwemo. Novemba Bunge likaunda kamati teule ya watu watano chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, mbunge wa Kyela, wakiwemo Selelii, Mntangi, Stella Manyanya na Mnyaa wa CUF, chama kingine cha upinzani. Angalia hiyo: wanne kati ya watano ni CCM, wanachunguza serikali ya CCM, chini ya Spika wa CCM Samuel Sitta. Hii haikuwa kawaida na haijawa kawaida tena.

Ripoti ikasomwa 6 Februari 2008. Kwa kifupi kamati ilisema Richmond haikuwa na uwezo wala wa hela wala wa utaalamu, kwamba taratibu za manunuzi zilikanyagwa, kwamba TAKUKURU iliwasafisha watu wasiosafishika, na kwamba ofisi ya Waziri Mkuu ilikuwa na mkono katika kuisukuma kampuni ile ipite. Baadaye Mwakyembe akasema kuna mambo hawakuyaweka ili kulinda heshima ya serikali. Sijui kama alijua anachofanya, maana kauli hiyo imezaa nadharia nyingi kuliko ripoti yenyewe.

Sasa rudi kwenye vile vitu vitatu.

Kamati teule ya Bunge siyo mahakama. Haina mshtakiwa, haina wakili wa utetezi, haifungi mtu. Inachofanya ni kuuliza swali la kisiasa, je serikali iliyopewa dhamana iliisimamia? Inatoa maoni na mapendekezo, Bunge linajadili, basi. Kwa hiyo pale ilipomtaja Lowassa ilikuwa ni tuhuma yenye uzito mkubwa sana, kubwa kuliko ya Slaa jukwaani, lakini bado ni tuhuma. Lalamiko lake kwamba hakuitwa kuhojiwa, mimi naliona lina mashiko, hata kama humpendi mtu unamwita kwanza unamsikia. Kamati ilikuwa na hoja kwamba nyaraka zinatosha na bungeni angepata nafasi ya kujieleza. Sawa, lakini kumsikiliza mtu baada ya kushamsoma mbele ya redio ya taifa siyo kumsikiliza.

Cha pili, kuwajibika. Hapa ndo nilipotaka tufike. Kuwajibika ni pale kiongozi anaachia ngazi kwa sababu jambo baya limetokea chini ya himaya yake, hata kama mkono wake haupo. Sisi Watanzania tuna mfano mmoja tunaoutaja kila siku, Mzee Ali Hassan Mwinyi. Mwaka 1977 alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, huko Shinyanga polisi na usalama wakawakamata watu kwenye msako wa mauaji ya vikongwe na imani za uchawi, wakawatesa, wengine wakafia mikononi mwao. Mwinyi hakuwa kule, hakutoa amri ile. Akajiuzulu, kwa sababu wale waliofanya vile walikuwa watu wa wizara yake. Miaka minane baadaye akawa Rais. Yaani kule kujiuzulu hakukumzika, kulimjengea.

Sasa kwa nini kwa Lowassa haikuwa hivyo? Watu watasema kwa sababu huyu ni fisadi na yule ni mwadilifu, lakini hilo ni jibu la haraka. Tazama namna walivyotoka. Mwinyi alitoka akisema jambo limetokea, ni baya, ni langu. Lowassa alitoka akisema jambo siyo langu, nimeonewa, shida ya watu hawa ni cheo cha uwaziri mkuu basi nawaachia chama na serikali yangu vipate nafuu. Maana yake alilipa bei ya kuwajibika bila kuchukua risiti. Kiti kakiacha, lakini kosa hajalipokea, kwa hiyo waliomtuhumu wakachukua kule kujiuzulu kama kukiri (angekuwa msafi asingeondoka) na waliompenda wakachukua hotuba yake kama ushahidi wa njama. Kila upande ukapata nusu yake ukaondoka nayo.

Na hiyo njama haikuwa ndoto tupu. Sitta na Lowassa wote walitoka kwenye ule mtandao uliomwingiza Kikwete Ikulu, na ilijulikana mjini kwamba uwaziri mkuu Sitta mwenyewe alikuwa anautamani. Kwa hiyo je, kulikuwa na chuki za ndani? Ndiyo. Je, mkataba ulikuwa mbovu? Ndiyo pia. Sielewi kwa nini watu wanadhani lazima uchague moja. Adui yako anaweza kukushika ukiwa na kosa la kweli, tena ndo wakati mzuri wa adui kukushika.

Kitu kingine ambacho wengi hawakijui, siku ile hakuanguka yeye peke yake. Nazir Karamagi wa Nishati na Madini akaachia, Dk. Ibrahim Msabaha aliyekuwa Nishati wakati mkataba unasainiwa naye akaachia. Halafu Katiba yetu, ibara ya 57, inasema kiti cha Waziri Mkuu kikiwa wazi basi mawaziri wote na manaibu wanakuwa hawana kazi hapo hapo. Baraza zima likavunjika kwa barua moja. Kuna mawaziri waliamka asubuhi na bendera kwenye gari wakalala bila bendera na Richmond walikuwa wanaisoma gazetini tu kama mimi na wewe. Kikwete akamteua Mizengo Pinda, Bunge likamthibitisha, akaapishwa tarehe 9, ndani ya siku mbili tatu tumeshakuwa na serikali nyingine.

Cha tatu, kutiwa hatiani. Hapa jibu ni fupi: Lowassa hakushtakiwa mahakamani kwa Richmond. Siyo kwamba alishtakiwa akashinda, hakufikishwa kabisa. Na usiseme nchi hii mawaziri hawashtakiwi, maana mwaka huo huo wa 2008, Novemba, Basil Mramba na Daniel Yona, waliokuwa mawaziri wa Fedha na wa Nishati enzi za Mkapa, walipandishwa mahakama ya Kisutu kwa ishu ya msamaha wa kodi kwa kampuni ya ukaguzi wa dhahabu, kesi ikaenda miaka karibu saba, Julai 2015 wakahukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Kwa hiyo njia ya mahakama ilikuwepo na ilipitika. Kwa Richmond upande wa Waziri Mkuu serikali haikuipita. Sababu unaweza ukaijaza mwenyewe, ushahidi haukutosha, au ukimvuta huyu kamba inakuja na mwingine, Lowassa mwenyewe alishawahi kusema urafiki wake na Kikwete siyo wa kukutana barabarani.

Hiyo nafasi iliyoachwa wazi ndo ikawa kila kitu baadaye. Mtu asiyehukumiwa huwezi kumwita mwizi mbele ya sheria, na mtu asiyesafishwa huwezi kumwita msafi mbele ya watu. Akaishi hapo katikati miaka kumi na sita.

Huku TANESCO nako hakukuwa na nafuu. Wakavunja mkataba na Dowans 2008, Dowans wakakimbilia mahakama ya usuluhishi ya biashara ya kimataifa, Novemba 2010 tukashindwa, deni likasomeka shilingi bilioni 94, nchi ikalipuka tena, mitaani swali likawa Dowans ni nani. 2011 akatokea jenerali mmoja wa Oman akajitambulisha kuwa ndiye mwenyewe, akaongea na waandishi Dar lakini picha akakataa kupigwa. Hebu fikiria, anaidai nchi mabilioni halafu sura yake hataki tuione. Mwaka huo huo ile mitambo ikauzwa kwa Symbion ya Marekani, na tarehe 2 Julai 2013 Rais Obama alipokuja Tanzania alipelekwa wapi? Ubungo, kwenye mtambo wa Symbion, kuonyeshwa mfano wa umeme kwa Afrika, akapiga danadana ule mpira unaohifadhi umeme na kila mtu akapiga makofi. Mitambo ni ile ile. Ilivunja serikali na miaka mitano baadaye inapiga picha na Obama.

Lowassa naye alikuwa hajaondoka popote. Aliendelea kuwa mbunge wa Monduli, anakwenda kwenye harambee za makanisa na misikiti kila wikiendi, na mtandao wake ndani ya CCM ukawa mkubwa kuliko alipokuwa ofisini. 2011 chama kikatangaza kujivua gamba, yaani watuhumiwa wa ufisadi wajiondoe wenyewe, Rostam Aziz akaachia ubunge wa Igunga, Lowassa akakaa kimya kama hajasikia. Februari 2014 akafungiwa miezi kumi na miwili pamoja na wenzake watano, kosa kuanza kampeni mapema. Mei 2015 akaujaza uwanja wa Sheikh Amri Abeid Arusha kutangaza nia, akaiita safari ya matumaini.

Halafu Dodoma, Julai. Makada 38 wamerudisha fomu. Utaratibu wa CCM ni wa chujio juu ya chujio, kamati ya maadili, kamati kuu inatoa watano, halmashauri kuu inatoa watatu, mkutano mkuu anapatikana mmoja. Nguvu ya Lowassa ilikuwa kwenye halmashauri kuu na mkutano mkuu, kule kwenye watu wengi, na wenye chama walilijua hilo, kwa hiyo wakamkata kule juu ambako watu ni wachache. Watano wakatoka: Membe, Magufuli, January Makamba, Migiro na Amina Salum Ali. Wajumbe watatu wa kamati kuu, Nchimbi, Sophia Simba na Kimbisa, wakatoka nje kuwaambia waandishi hawakubaliani. Na mwenyekiti Kikwete alipoingia ukumbini kwenye halmashauri kuu akapokelewa na wajumbe wanaimba wana imani na Lowassa. Rafiki aliyekodi naye ndege 1995 anaimbiwa jina la rafiki aliyemkata. Yule hakukutana naye barabarani, lakini barabarani ndiko walikoachania.

Tarehe 28 Julai akahamia Chadema akawa mgombea wa Ukawa, ule umoja wa vyama vya upinzani, na hapa ndo watu wengi tulikosa pa kushika. Chama kilichomsoma Mwembeyanga sasa kinamnadi. Slaa akaachana na siasa za chama kile kwa hasira, na hoja yake ilikuwa nyepesi kabisa, nini kimebadilika? Lowassa siku ile aliposimama na Chadema alisema mwenye ushahidi wa Richmond aende mahakamani, na akasema kitu ambacho 2008 hakukisema, kwamba alitaka mkataba ule uvunjwe akazuiwa na mamlaka ya juu. Mamlaka ya juu ya waziri mkuu ni nani? Ziko ngazi ngapi hapo? Mimi hapo ndo namlaumu. Kama ni kweli, siku ya kuyasema ilikuwa ile ya kinyozi wangu, kiti kikiwa bado kina joto, siyo miaka saba baadaye ukiwa unaomba kura. Mtu yule yule aliyeivunja City Water mchana kweupe anatuambia ya Richmond alishindwa akanyamaza.

Watu hawakujali sana lakini. Kura 6,072,848, karibu asilimia 40, mpinzani hajawahi kufika huko nchi hii, dhidi ya 8,882,935 za Magufuli. Mtu aliyejiuzulu kwa kashfa kapata kura milioni sita za watu wanaosema wamechoshwa na kashfa. Wengi niliowauliza kipindi kile walisema wazi, tunajua, ila huyu anaweza kuwatoa. Richmond ilikuwa imeshageuka kutoka tuhuma kuwa kovu, na mwenye kovu anaonekana kapigana.

Machi mosi 2019 akarudi CCM, ofisi ndogo ya Lumumba, Magufuli akampokea, akasema amerudi nyumbani. Waliokaa polisi kwa ajili yake 2015 walilisikia hilo kwa redio kama sisi tulivyosikia lile la 2008. Mwaka uliofuata mwanaye Fredrick akawa mbunge wa Monduli.

Alifariki Dar es Salaam 10 Februari 2024, siku tatu tu baada ya kutimia miaka kumi na sita ya ile hotuba, akazikwa kwao Ngarash. Bendera zilikuwa hazijakaa sawa kileleni, tarehe 29 mwezi ule ule akafariki Mzee Mwinyi. Kijiweni kwetu kulikuwa na magazeti ya misiba yote miwili juu ya meza moja. Kwa Mwinyi mtu wa kwanza tu kaanza na 1977, Shinyanga, alijiuzulu kwa kosa lisilo lake, mzee mstaarabu. Kwa Lowassa wakaongea shule za kata, wakaongea maji ya Shinyanga, wakaongea zile kura. Kijana mmoja akauliza, kwani Richmond ilikuwa nini hasa? Watu wakaangaliana, mmoja akasema ni hadithi ndefu, akaomba kahawa nyingine.